Keria ya baiskeli kwenye gari: jinsi ya kuilinda isiibiwe, yenyewe pamoja na baiskeli zake

Tulilala njiani, baiskeli mbili nyuma ya gari, nimezifunga kwa mnyororo mzuri kweli, mnyororo umepita kwenye fremu zote mbili ukazunguka na mlingoti wa keria, nikavuta mara mbili tatu nikaridhika nikaingia kulala. Asubuhi natoka, gari lipo, baiskeli hazipo, keria haipo, mnyororo nao haupo. Chini kwenye lami kulikuwa na pini moja ya chuma na kile kiwaya chake cha kuizuia isichomoke. Basi. Hawakukata kitu, hawakuvunja kitu, walichomoa pini inayoshikilia keria kwenye gari wakaondoka na mzigo mzima, baiskeli zikiwa zimefungwa vizuri kabisa kama nilivyoziacha, wakaenda kuzifungua huko kwao kwa nafasi yao.

Kamba hukatikia pembamba. Wengi wetu tunafunga baiskeli kwenye keria tunaona tumemaliza, tunasahau kwamba keria yenyewe nayo ni mzigo tu umebandikwa kwenye gari kwa kitu kidogo. Kwa hiyo kabla hujaenda kununua kufuli lolote fanya hivi. Nenda kwenye gari baiskeli zikiwa zimepakiwa, weka kidole kwenye fremu ya baiskeli, alafu fuata kinachoishikilia, kitu kwa kitu, mpaka ufike kwenye chuma cha gari lenyewe, kile kilichochomelewa au kufungwa kwa bolti kubwa kule chini. Kila unapopita jiulize, hiki kinafunguliwa na nini? Mkono? Kisu? Alenki, ule ufunguo wa fundi wa pembe sita? Ufunguo? Ukikuta hata sehemu moja tu jibu lake ni mkono au kisu, hapo ndo mwizi atapita, hata kama kwingine kote umejaza makufuli. Mi zoezi hili naliita kufuata chuma na nalifanya kila safari, dakika mbili tu, na tangu nianze sijaibiwa tena.

Sasa kila aina ya keria ina udhaifu wake, kwa hiyo tuanze na hizo.

Keria ya kuchomeka nyuma

Hii ni ile inayoingia kwenye bomba la mraba chini ya bampa la nyuma, bomba la kuvutia trela. Ndo imara kuliko zote kwa kubeba na ndo rahisi kuliko zote kuiba yote kwa mpigo kama hujaifunga, maana inashikiliwa na pini moja inayokatiza ubavuni, na pini ya kawaida inazuiliwa na kiwaya kilichokunjwa ambacho mtoto mdogo anaweza kukivuta. Sekunde chache na keria ishatoka.

Dawa ya kwanza ni kuitupa hiyo pini na kuweka pini ya kufuli. Pima bomba lako kwanza. Bomba la inchi 2 linatumia pini ya unene wa inchi 5/8, ni kama milimita 16 hivi, na lile dogo la inchi 1¼ linatumia pini ya nusu inchi. Ukiweka pini nyembamba kwenye tundu kubwa keria itacheza njia nzima na tundu litatanuka. Kuna pini za kuchomeka tu alafu unavalisha kichwa cha kufuli mwishoni, na kuna zile zenye uzi kama bolti ambazo zinakaza keria isigonge gonge na mwisho wake unafungwa kwa kufuli. Ukiniuliza mimi chukua hizi za uzi kama keria yako inazikubali, maana keria isiyocheza pia haiwapi nafasi ya kuitikisa na kuilazimisha.

Lakini usiishie kwenye pini. Chungulia chini ya hilo bomba la mraba, kushoto na kulia, utaona vitundu viwili au vipete vya chuma, hivyo vimewekwa kwa ajili ya minyororo ya usalama ya trela. Ni sehemu ya chuma cha kuvutia trela chenyewe, na chuma hicho kimefungwa kwenye chasisi. Hapo ndo mwisho wa safari ya kidole chako. Chukua mnyororo mrefu, upitishe kwenye fremu ya baiskeli, kwenye gurudumu la nyuma, uzunguke mlingoti wa keria, ushuke upite kwenye kipete, alafu urudi ufunge juu. Mnyororo mmoja umeshika vitu vitatu, baiskeli, keria na gari. Sasa hata wakichomoa pini keria haiendi popote.

Na ukisharudisha gari kinyumenyume karibu na ukuta unaongeza kitu kingine ambacho watu hawakifikirii. Ukuta hauzuii kuchomoa pini kwa sababu pini iko ubavuni, ila keria ili itoke lazima ivutwe moja kwa moja kuja nyuma mpaka ulimi wake wote utoke kwenye bomba. Ukiwa umeacha nafasi ya kiganja tu kati ya keria na ukuta, haitoki hata ikiwa haina pini. Nguzo nene nayo inafanya kazi hiyo, alimradi iwe katikati, nyuma ya mlingoti.

Kama gari lako lina kile kichwa cha duara cha kuvutia trela, kile cha milimita 50 kinachotumika sana Ulaya, keria inakaba juu ya kichwa kwa mkono wa kubana na huo mkono una kufuli lake. Lifunge, na ufunguo utoe. Alafu angalia kama kichwa chenyewe ni cha kutolewa, maana vingi ni vya kutoa na vina kufuli lao pembeni, na ukiacha hilo wazi wanatoa kichwa na keria na baiskeli kwa pamoja.

Jambo la mwisho hapa ni bolti. Keria nyingi zinakuja kwenye boksi zimevunjwa vunjwa, we mwenyewe unaziunganisha kwa alenki mbili tatu. Kama wewe uliiunganisha kwa alenki basi na mwizi anaweza kuiachanisha kwa alenki ileile, anafungua mkono uliobana gurudumu au anafungua trei nzima na baiskeli yako juu yake. Bolti zilizo muhimu zibadilishe uweke zile za usalama ambazo zina kinundu katikati na hazishikwi na alenki ya kawaida. Au tumia njia ya zamani ya waendesha baiskeli, gololi ndogo ya chuma inayojaa kwenye tundu la alenki, unaigonga iingie alafu unamwaga nta ya mshumaa juu. Siku ukitaka kufungua unatoa nta kwa sindano na gololi unaivuta kwa sumaku. Hiyo inafaa hata kwenye bolti ya kiti.

Keria ya mikanda

Hii nitasema ukweli bila kuzunguka, usiiache yenyewe na baiskeli juu yake hata kidogo. Ni mikanda ya nailoni yenye ndoano kwenye ukingo wa buti, kisu kinakata mkanda kwa mpito mmoja. Haijalishi umefunga baiskeli kwenye keria kwa kufuli gani.

Kinachowezekana ni kuifunga baiskeli kwenye gari lenyewe na kuihesabu keria kama haipo. Kuna kebo na mikanda yenye waya ndani ambayo mwisho wake una kitufe kinene cha mpira, kitufe unakiweka ndani ya buti, unafunga buti, kebo inabaki imebanwa na mlango na huwezi kuivuta nje. Upande wa pili unapitisha kwenye fremu. Sio ulinzi wa kulala nao, kebo inakatika, lakini kwa kuingia dukani na kutoka inamfukuza yule wa kupita njia aliyeona nafasi. Kama gari lina pete ya kuvutwa nyuma chini ya bampa, na mengi yana tundu la kuifungia hiyo pete, mnyororo wa kwenda pale ni bora mara nyingi zaidi.

Ukishashusha baiskeli, keria ya mikanda nayo ivue uitupie ndani ya buti, inakunjika na ni nyepesi.

Keria ya juu ya paa

Watu wanadhani urefu ni ulinzi. Unasaidia kidogo, mtu akisimama juu ya kizingiti cha mlango wa gari lako anaonekana, lakini akiwa na dakika moja ya giza haina maana. Fuata chuma tena. Baiskeli iko kwenye trei, trei iko kwenye vyuma viwili vinavyokatiza paa, vyuma viko kwenye miguu minne, miguu imekaba paa. Kila hatua ina bolti au kikabio chake, na kampuni kama Thule na Yakima zina vitasa vidogo vya kuweka kwenye kila kifuniko, vyote vikafunguliwa na ufunguo mmoja. Tatizo ni kwamba keria nyingi zinauzwa na matundu ya vitasa yakiwa yamezibwa na plastiki tu, vitasa unanunua pembeni, kwa hiyo watu wanaona kuna umbo la kufuli wanadhani limefungwa. Bonyeza uone. Kama ni plastiki tupu basi hakuna kufuli hapo.

Trei za kushika foku, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, zile unatoa gurudumu la mbele, zina udhaifu kwamba baiskeli yote imeshikiliwa kwenye ncha mbili za foku. Kufuli lake liko kwenye mkono wa kubana, lifunge, alafu ongeza mnyororo wa kutoka kwenye fremu kwenda kwenye chuma kinachokatiza, karibu na mguu. Na lile gurudumu ulilolitoa liweke ndani ya gari, usiliache kwenye kishikio chake juu.

Kwa gari la wazi nyuma kama pikapu, yale matandiko ya kulaza baiskeli juu ya mlango wa nyuma ni kitambaa tu, hayashiki kitu. Huko tumia pete za chuma zilizoko kwenye bodi la kupakia mizigo, kama zimefungwa kwa bolti kutokea chini ni sehemu nzuri sana ya kufungia mnyororo. Na keria ya kukaa kwenye tairi la spea la nyuma, hakikisha nati za hilo tairi zina ile ya kufuli, la sivyo wanachukua tairi na keria na baiskeli.

Makufuli yenyewe

Kuna raha moja ya kusafiri na gari ambayo mwendesha baiskeli wa kawaida hana, uzito sio tatizo lako. Gari ndo linabeba. Kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia kale kakebo kembamba kanakotoka ndani ya keria. Hako kamewekwa kwa ajili ya kusimama sekunde kidogo unalipia mafuta na we mwenyewe unakaona, mkasi wa kukatia waya unakamaliza kwa mkono mmoja bila sauti. Nawaambia watu kila siku, kutumia kebo peke yake usiku ni sawa na kuacha wazi.

Nunua mnyororo wa kufungia pikipiki. Mnyororo wa pingili za unene wa chini ya milimita 10 mkasi mkubwa wa bolti unaula bila shida, kuanzia 13 hivi wanaanza kuhangaika, na 16 ya chuma kilichokomazwa mkasi wa mkono hauukati. Utakuwa mzito sana, ndio, unakaa kwenye buti. Kufuli la umbo la U nalo ni zuri kwa kufunga fremu mbili zikae pamoja, maana baiskeli mbili zilizofungwa pamoja ni mzigo mbaya kuukimbiza, ila kwa kufikia kwenye kipete cha trela mara nyingi ni fupi.

Usiangalie maneno yaliyoandikwa kwenye paketi, angalia alama ya upimaji. Uingereza wana Sold Secure wenye daraja za Shaba, Fedha, Dhahabu na Almasi, Uholanzi wana ART wanaotoa nyota. Hawa wanachukua kufuli wanalishambulia kwa zana halisi na kuhesabu muda. Nenda angalau daraja la Dhahabu. Na kitasa kiwe cha ufunguo wa bapa. Zile funguo za mviringo kama bomba zilipata aibu mwaka 2004 pale watu walipoonyesha kwenye intaneti kwamba ganda la kalamu ya Bic linafungua makufuli ya U ya aina hiyo, mpaka kampuni ya makufuli ya Kryptonite ikabidi wawabadilishie wateja bure. Kampuni kubwa ziliachana nazo, lakini kwenye makufuli ya bei ya chini bado utaziona.

Grainda ya betri je? Inakata karibu kila kitu. Kuna makufuli mapya yenye ganda linalomaliza diski, kama Litelok X1 na Hiplok D1000, yanachelewesha kweli, ila ni ya gharama. Kwa wengi wetu jibu la grainda ni mahali ulipopaki, maana grainda ina kelele na cheche, na mwizi hataki kelele pale penye watu. Nitarudi hapo.

Magurudumu usiyasahau. Keria nyingi za trei zinabana gurudumu la mbele kwa mkono wenye ndoano, na hilo ndo linalofungwa kufuli. Sasa kama gurudumu lako la mbele linafunguliwa kwa kile kimkono cha haraka, mwizi anafungua kimkono anaondoka na baiskeli nzima anakuachia gurudumu moja limefungwa vizuri kwenye keria. Hii inatokea sana na ndo maana nasema mnyororo upite kwenye FREMU, fremu, fremu, sio gurudumu peke yake. Vimkono vya haraka vibadilishe weka ekseli za kufunguliwa kwa kifaa maalum, zipo za Pitlock na Pinhead.

Na kabla hujaondoka kwenye gari toa kila kinachotoka kwa mkono, taa, kompyuta ya mwendo, pampu, mfuko wa chini ya kiti. Kama ni baiskeli ya umeme toa betri uiweke ndani. Inapunguza uzito kwenye keria, na baiskeli ya umeme bila betri yake inamvutia mwizi kidogo sana kwa sababu betri ndo sehemu ya gharama na ni ngumu kuitafutia nyingine.

Funguo. Vitasa vya keria mara nyingi vina namba imechongwa usoni, na ndo namba hiyohiyo inayotumika kuagizia ufunguo mwingine. Piga picha namba yako uitunze, alafu ile ya usoni izibe kwa tone la rangi au kipande cha gundi ya karatasi, maana mtu akisimama nyuma ya gari lako na simu anaweza kuisoma kama wewe. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya gari.

Vitasa vilivyo nyuma ya gari vinakula vumbi, matope na chumvi vya barabara nzima. Kila baada ya miezi michache weka unga wa grafaiti au kilainishi kikavu, sio oili nzito maana oili inashika vumbi inakuwa tope ndani ya kitasa. Vile vifuniko vya mpira vifunike kila siku. Nimeona mtu analazimika kukata pini yake mwenyewe kwa sababu kitasa kilishika kutu, na tangu siku hiyo akarudi kwenye pini ya waya, yaani kufuli lisilotunzwa lilimrudisha kwenye kutokuwa na kufuli.

Unapopaki

Hapa ndo penye ulinzi mkubwa kuliko chuma chochote na hapagharimu kitu. Ukisimama kula kaa meza ambayo unaliona gari, na kama haipo nenda sehemu nyingine ya kula, sisemi kwa utani. Mkiwa wengi mmoja abaki. Keria ielekee penye watu wengi kama huwezi kupata ukuta, na kama umepata ukuta basi keria ielekee ukuta kama nilivyoeleza. Taa iwe juu yako sio mbali. Kamera msiitegemee sana, kamera inarekodi tu, mwizi anavaa kofia anaendelea na kazi, ila mlinzi anayetembea ni kitu kingine kabisa, paki karibu naye na umsalimie, muoneshe kwamba gari hili ni lenu, akimuona mtu mwingine analishika atajua.

Sehemu za kuanzia njia za milimani na msituni ziangalieni kwa jicho la pekee. Mwizi anajua ukishaondoka na baiskeli moja huwezi kurudi kabla ya masaa mawili matatu, na kama umeacha ya pili kwenye keria, au umeacha keria tupu, ana muda wa kutosha na grainda haisikiki na mtu. Huko keria tupu kunja ifungie mnyororo, au itoe uiweke ndani, na pini ya kufuli ndo inakuokoa hapa kuliko popote.

Usiku ni sheria moja tu, baiskeli zinalala ndani. Chumbani, stoo ya hoteli, koridoni, popote ndani. Kabla hujalipia chumba piga simu uulize, "nina baiskeli mbili, naweza kuingia nazo chumbani au mna stoo ya kufunga?" Wengi wanakubali ukiuliza mapema na ukiahidi kutandika kitu chini zisichafue. Wakikataa, tafuta pengine. Maegesho ya hoteli ndo wezi wa baiskeli wanapozungukia, kwa sababu wanajua magari ya wasafiri yamepaki usiku kucha na wenyewe wamechoka wamelala. Kama haiwezekani kabisa laza viti vya nyuma, toa magurudumu ya mbele, ziingie ndani ya gari uzifunike kwa shuka nyeusi. Sio salama kama chumbani lakini kisichoonekana hakitamaniwi haraka.

Nyumbani keria itoe. Najua inachosha, lakini keria iliyokaa nyuma ya gari mbele ya nyumba wiki nzima inamwambia kila anayepita kwamba ndani humo kuna baiskeli nzuri, na hapo hujapoteza keria tu, umeonyesha mlango. Ni kama zile programu za kurekodi mwendo. Strava wana sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari, iwashe leo, kwa sababu bila hiyo ramani zako zote zinaanzia na kuishia kwenye geti lako. Ni programu hiyohiyo ambayo ramani yake ya mwendo wa watumiaji ilikuja kugundulika Januari 2018 kwamba inaonyesha njia za ndani ya kambi za kijeshi, sasa kama kambi ya jeshi imeonekana nyumba yako ni nini. Na picha za baiskeli kwenye keria na "tumefika, tupo hoteli fulani" zipeleke mtandaoni ukisharudi.

Kabla haijaibiwa, makaratasi

Ipindue baiskeli, pale chini pedali zinapokutana na fremu kuna namba imechongwa. Ipige picha. Piga picha baiskeli nzima kwa ubavu, picha ya makovu yake, picha ukiwa umesimama nayo, picha ya keria na namba yake, na risiti zote, weka mahali ambapo utazipata hata simu ikipotea. Isajili kama mahali ulipo kuna mfumo wa kusajili. Japani usajili wa baiskeli ni lazima kwa sheria tangu 1994, Uingereza kuna BikeRegister, Marekani na Kanada watu wanatumia 529 Garage na Bike Index. Polisi wakikamata stoo yenye baiskeli nyingi, isiyo na namba kwenye rekodi haina mwenyewe.

Bima soma kabla. Bima ya gari inaweza kuhesabu keria kama kifaa cha gari lakini baiskeli zilizo juu yake haizihesabu, hizo zinaangukia kwenye bima ya vitu vya nyumbani au bima ya baiskeli yenyewe, na hao nao wanaweza kudai kufuli la daraja fulani, risiti ya hilo kufuli, na wengine hawalipi kabisa kama baiskeli ilikuwa nje ya gari usiku. Uliza kwa maandishi upate jibu kwa maandishi.

Kifaa cha kufuatilia weka, ila elewa kinavyofanya kazi. AirTag ya Apple iliyotoka Aprili 2021 inategemea simu za watu wanaopita karibu, betri yake ndogo ya CR2032 inakaa karibu mwaka. Lakini imetengenezwa isitumike kufuatilia watu kwa siri, kwa hiyo ikitembea na mtu mwingine simu yake inamwambia na yenyewe inalia. Maana yake una muda mchache tu wa kuitumia. Ifiche ndani ya kiti au chini ya kishikio cha chupa, sio katikati ya bomba la chuma ambapo mawimbi hayapiti vizuri. Weka nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa keria, chini ya kifuniko chake cha plastiki, maana wakiichukua keria nzima wanaangalia baiskeli tu, keria hawaipekui.

Kitu kimoja cha hatari. Ukishaanza kufunga mnyororo kwenye gari, na hasa kama unaupitisha kwenye ringi ya tairi la gari kama wengine wanavyofanya wakikosa pa kufungia, ipo siku utawasha gari na mnyororo bado upo. Unaweza kuvunja ringi, breki, au kumuumiza mtu. Tengeneza kitambaa chekundu, kila unapofunga mnyororo unakifunga kwenye usukani, huendeshi mpaka umekivua, na kukivua ni baada ya kutoka kwenda kufungua mnyororo. Kabla ya kuondoka pia kaza upya mikanda na pini, hakikisha hakuna kufuli linaloning'inia kugonga fremu, na namba ya gari na taa za nyuma zinaonekana.

Wakishaiba

Usiguse kitu, piga picha pale chini, pini, kipande cha kebo, kila kitu. Uliza kamera za majirani na za biashara za karibu siku hiyohiyo, kwa sababu nyingi zinafuta rekodi baada ya siku chache. Ripoti polisi ukiwa na namba ya fremu na picha, chukua namba ya ripoti maana bima watakuuliza hiyo kwanza. Weka alama ya kuibiwa kule uliposajili. Alafu anza kuangalia matangazo ya mauzo mtandaoni kwa wiki kadhaa, na usitafute kwenye mji wako tu, tafuta na miji ya jirani, tafuta pia keria peke yake na magurudumu peke yake kwa sababu wanazivunja vipande. Ukiiona, au AirTag ikikuonyesha nyumba, usiende peke yako kugonga mlango. Piga picha tangazo lote kabla halijafutwa, usimwambie muuzaji kwamba ni yako, mpelekee polisi namba ya ripoti na hilo tangazo na ile picha ya namba ya fremu, wao ndo waende, na we uwe karibu na ufunguo wa ule mnyororo mkononi kama bado umefungwa, kwa sababu kufuli likifunguka kwa ufunguo wako hapo mbele yao ni ushahidi ambao hakuna anayeupinga.